Moto Mmoja kwa Vyuma Viwili: Jinsi ya Kunywesha Panga la Tabaka

Mavuno ya korosho yakimalizika, kazi ya kupogolea mikorosho huanza, na hapo ndipo panga huonyesha tabia yake. Lipo linalopinda kama bati kwenye tawi la kwanza. Lipo linalomeguka meno kama sahani iliyoanguka. Kwetu huku Ruponda, na pande zote za Nachingwea na Ruangwa, watu huwa wepesi kusema, "Chuma kibaya hiki." Mara nyingi chuma hakina kosa. Kosa liko kwenye moto kiliopitia baada ya kufuliwa.

Siku hizi wapo vijana wanaojaribu kufua mapanga na visu vya tabaka. Wanachukua kipande cha springi ya gari na kipande cha tupa kuukuu au msumeno, wanaviunganisha motoni kwa nyundo, wanavikunja na kuvifua tena, hadi ubapa unatoka na mistari kama ya mti uliopasuliwa. Nje huitwa chuma cha Dameski, kwa jina la ule mji wa Syria. Ni kazi nzuri ya kutazama, na inauzwa kwa bei ya juu kuliko panga la kawaida. Lakini kuunganisha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukipa chuma kile ugumu bila kukivunja, na hapo vyuma ni viwili, moto ni mmoja. Makala haya yanakueleza nusu hiyo ya pili, hata kama hujawahi kushika koleo.

Kwanza, kwa nini chuma hukubali kuwa kigumu? Ndani yake mna kaboni. Kaboni ni kitu kilekile kilichomo kwenye mkaa, na ndicho kinachofanya madini ya kinywe yanayochimbwa Ruangwa. Nondo ya ujenzi ina kaboni kidogo sana, ndiyo maana ukiichoma na kuichovya itabaki laini. Springi ya gari ina kaboni kama sehemu 0.6 katika kila 100, pamoja na madini mengine kidogo kama kromi. Tupa nzuri hufika 1 hadi 1.2. Beringi ina kama 1, na kromi 1.5. Ukikichoma chuma cha namna hiyo hadi kiive, kaboni inayeyuka na kusambaa ndani yake. Ukikipoza ghafla, kaboni inanaswa pale ilipo kabla haijapata nafasi ya kujitenga, na chuma kinakuwa kigumu kama kioo. Kisha unakipasha tena kwa moto mdogo ili kilegee kiasi, kisivunjike. Kazi yote hiyo, kuchoma, kuchovya na kulegeza, ndiyo kukinywesha chuma.

Je, vyuma vyovyote viwili vinaweza kukaa pamoja? Hapana, na hapa ndipo pesa na mkaa hupotea. Keekee za kutobolea chuma, zile ngumu kabisa, huhitaji joto la karibu nyuzi 1,200 za Selsiasi ili zikaze. Springi ikifikishwa huko imeharibika kabisa. Vyuma visivyoshika kutu, kama vya vijiko na masinki, vina kromi nyingi inayotengeneza utando juu yake, na utando huo unazuia muungano. Nondo itaungana, ila itainyonya kaboni ya jirani yake, na panga lote litakuwa dhaifu. Jozi ninayokushauri uanze nayo ni springi bapa ya gari pamoja na tupa, au springi pamoja na ubapa wa msumeno mkubwa wa kupasulia magogo. Misumeno mingi ya namna hiyo ina nikeli, madini yanayokataa kuliwa na asidi, na ndiyo yatakayobaki meupe mistari ikitokea.

Huna haja ya maabara ili kujua kama vinapatana. Kata kipande cha urefu wa kidole kutoka kila chuma. Vichome pamoja hadi sumaku isivishike, viongezee joto kidogo, uvichovye vyote kwenye mafuta ya uvuguvugu. Vikipoa, pitisha tupa juu yake. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekaza. Ikikwangua na kutoa unga, hakikukaza. Kisha funga kila kipande kitambaani, kibane kwenye jiliwa, kivunje, na utazame ndani. Ukiona punje kubwa zinazong'aa kama chumvi ya mawe, ulizidisha moto. Ukiona kijivu laini kama majivu yaliyochekechwa, ulipatia. Vyuma vyote viwili vikikaza katika moto uleule na mafuta yaleyale bila kupasuka, hao wanaweza kuishi nyumba moja. Kimoja kikikataa, usilazimishe.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Wakati wa kuunganisha, chuma kinapong'aa njano, kaboni haitulii. Inahama kutoka tabaka yenye nyingi kwenda yenye kidogo, kama chumvi inavyoenea kwenye mchuzi. Tabaka zikiwa nyingi na nyembamba, muda mfupi tu unatosha kuzisawazisha. Ukiunganisha tupa ya 1.2 na springi ya 0.6 kwa kiasi sawa, ukakunja mara kadhaa, utapata kitu kinachokaribia 0.9 kote. Nikeli na kromi hazitembei hivyo. Hubaki mahali pake, na ndizo zinazohifadhi mistari. Kwa hiyo usihangaike kufikiria kwamba una tupa upande huu na springi upande ule. Una chuma kimoja kipya. Kipe moto unaokifaa chenyewe.

Kabla ya kuchovya, panga liwe limekamilika umbo, lakini usilinoe. Acha makali yawe na unene wa milimita 1 hadi 1.5. Makali membamba huchomeka haraka, hupinda, na hupasuka kwenye mafuta. Sugua mikwaruzo mirefu ya grenda, hasa ile inayokata kuelekea kwenye makali, na uviringishe kona kali, maana ufa hupenda kuanzia hapo. Kisha ligonge taratibu huku umelishika kwa kamba. Likitoa mlio mrefu, muungano ni mzuri. Likitoa mlio mfu, kama wa chungu chenye ufa, chunguza ubavuni uone kama kuna mstari mweusi ambapo tabaka hazikushikana. Panga la namna hiyo lirudishwe kwenye kuunganishwa, likapakwe tinkali upya, ile dawa ya masonara. Kulichovya ni kulipasua.

Hatua inayofuata wengi huiruka, nami nakusihi usiiruke: kulipoza panga hewani mara tatu. Kufua kumeacha punje kubwa na mivutano ndani ya chuma, na kila tabaka inavuta kivyake. Lichome hadi rangi ya chungwa, kama nyuzi 870 hadi 900, kisha litundike hewani, mahali pasipo upepo, hadi weusi urudi na sumaku ilishike tena. Mara ya pili lichome kwa moto mdogo zaidi, kama 840. Mara ya tatu liishie pale sumaku inapoachia tu. Usililaze kwenye udongo wenye unyevu wala kwenye chuma baridi, kwa sababu upande mmoja utapoa kabla ya mwingine. Hatua hii haikugharimu kitu ila mkaa kidogo na saa moja, na ndiyo inayotenganisha panga linalodumu na lile la msimu mmoja.

Sasa moto wenyewe. Lengo letu ni nyuzi 810 hadi 830. Utazijuaje bila kipimajoto? Una vipimo viwili nyumbani. Cha kwanza ni sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa, iliyofungwa kwenye waya. Chuma huacha kuvutwa na sumaku kikifika karibu nyuzi 770. Hapo hujafika, umekaribia. Cha pili ni chumvi ya mezani, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 801. Dondosha punje chache kavu juu ya ubapa ukiwa motoni. Zikibaki punje, ongeza moto. Zikiyeyuka na kuwa tone linalong'aa kama kioo, umefika. Ongeza kidogo tu, kisha tulia hapo dakika mbili au tatu ili joto lipenye hadi ndani. Chumvi isiwe na maji hata kidogo, na baadaye ioshwe, maana inaleta kutu.

Kipimo cha tatu ni jicho lako, na hilo hukua kwa mazoezi. Fanya kazi hii jioni au kwenye kivuli kizito. Ukiwa juani saa sita mchana, chuma kilichozidi kitaonekana chekundu cha kawaida, nawe utakiunguza bila kujua. Kwenye giza, chuma kikikaribia kuiva utaona vivuli vyeusi vikitembea ndani ya wekundu kama mawingu. Vivuli vikiisha na rangi ikawa moja kutoka shina hadi ncha, kaboni imeyeyuka. Mafundi wazoefu hutazama vivuli hivyo kuliko kitu kingine chochote.

Jiko la mkaa lina tabia ya kuunguza sehemu moja na kuacha nyingine baridi. Dawa yake ni kuzika bomba la chuma katikati ya makaa na kuliingiza panga ndani ya bomba, lipate joto la kuzunguka badala ya kupigwa na upepo wa mvukuto. Bomba hilo lisiwe limepakwa zinki, kama yale ya maji yanayong'aa kijivu, kwa sababu moshi wa zinki humletea mtu homa na kifua kubana. Panga lizungushe, livute na kulisukuma, na upepo wa mvukuto uwe wa pole. Mkaa unaohitajika kwa panga moja, ukijumlisha kupoza mara tatu na kuchovya, usizidi sana debe moja au mawili kwenye jiko lililojengwa vizuri kwa udongo.

Kuhusu kuchovya, swali la kwanza huwa ni maji au mafuta. Kwa panga la tabaka, mafuta. Maji hupoza kwa ukali mno. Vyuma viwili visivyosinyaa sawasawa vinavutana, na tabaka zinaachana au makali yanapata nyufa nyembamba unazoziona wiki ya pili shambani. Wengi hutumia oili chafu ya gari kwa sababu ni ya bure. Mimi siitaki. Moshi wake una masizi na mabaki ya madini yanayodhuru mapafu, nawe utakuwa umeinama juu yake kila siku. Mafuta ya alizeti, ufuta au karanga yanafanya kazi vizuri, na huku kwetu si vitu vya kutafuta mbali. Hata yaliyokwisha kukaangia yanafaa yakichujwa na kukaushwa maji. Lita 5 zinatosha kisu. Kwa panga tafuta lita 10 au zaidi. Hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote, lakini mafuta hayo hutumika mara nyingi.

Yapashe joto kwanza hadi nyuzi 50 au 60, kwa kutumbukiza kipande cha chuma cha moto. Hujakosea kusikia: mafuta ya uvuguvugu hupoza chuma haraka kuliko ya baridi, kwa sababu ni mepesi na hutembea. Chombo kiwe cha chuma, kirefu kulingana na panga, kikae mahali ambapo hakitapinduka, na mfuniko wa chuma uwe mkononi mwa mwenzako. Mafuta yakiwaka, funika. Usimwage maji kamwe, maana yatarusha moto hadi usoni. Vaa viatu vilivyofunika mguu, nguo za pamba, miwani na glavu za ngozi. Watoto na kuku wakae mbali.

Toa panga motoni na ulichovye ndani ya sekunde mbili, makali yakitangulia. Lisogeze mbele na nyuma kwa mwelekeo wa makali, kama unayekata maji. Ukilitikisa kwa ubavu litapinda. Hesabu taratibu hadi kumi, kisha litoe. Likiwa bado la moto lakini halitoi moshi mwingi, una dakika moja hivi ya kulinyoosha kwa mikono yenye glavu au kati ya mbao mbili. Baada ya hapo usiliguse kwa nguvu. Sasa ni kioo. Likidondoka sakafuni linaweza kukatika vipande viwili. Likipoa kufikia joto la mkono, lipime makali kwa tupa. Tupa iteleze.

Usilale bila kulegeza. Panga lililokaza likiachwa usiku kucha linaweza kupasuka lenyewe juu ya meza. Kwa kisu cha jikoni lenga nyuzi 200 hadi 210; kwa panga na shoka, 230 hadi 250. Lipe saa moja au mbili, liache lipoe, kisha rudia mara ya pili. Njia rahisi ni mchanga mkavu: jaza sufuria kuukuu, pasha polepole, zika panga au kisu ndani, weka na kipimajoto cha oveni ukikipata. Ubapa mrefu hauenei sufuriani, basi tumia bati lililokunjwa kama mfereji juu ya makaa hafifu. Ukiwa na jirani mwenye oveni ya mikate, joto la kuokea mikate ndilo hilohilo tunalolitafuta. Mwombe nafasi baada ya mikate yake kutoka, ukiwa umelisafisha panga mafuta yote.

Asiye na kipimajoto hutazama rangi. Chuma kilichosuguliwa kikang'aa hubadilika rangi kinapopata joto: asali nyepesi kwenye nyuzi 200 na kidogo, hudhurungi ya chai ya rangi karibu na 250, zambarau kama 280, bluu kama 300. Lakini hapa tabaka zitakudanganya. Kromi na nikeli huchelewesha rangi, kwa hiyo mstari mmoja utaonekana umefika na mwingine bado, ingawa joto ni moja. Sugua msumari wa kawaida hadi ung'ae, uweke ubavuni mwa panga, na usome rangi kwenye msumari. Ukitaka mgongo wa panga uwe mlaini zaidi ili usivunjike kwenye tawi gumu, laza mgongo peke yake juu ya kipande cha chuma cha moto hadi bluu itokee mgongoni, na makali yakiwa hudhurungi lichovye majini. Kipande cha reli ni kizuri kwa hili, na ni fuawe nzuri pia. Ila uwe nacho kwa halali. Reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa mwishoni mwa miaka ya 1940, iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Reli ya leo, nguzo za umeme na alama za barabarani ni mali ya umma, na kununua vipande vyake kunakupeleka mahakamani.

Baada ya kulegeza, noa, kisha jaribu. Bonyeza makali taratibu juu ya fimbo ya shaba au msumari mnene na uyasogeze. Yakipinda na kurudi, umepatia. Yakipinda na kubaki, ni laini mno, rudia kuanzia kuchovya. Yakimeguka, ni magumu mno, legeza tena kwa joto la juu kidogo. Kisha kata tawi kavu la mkorosho mara hamsini na uyatazame makali.

Mistari utaiona ukilisugua panga kwa msasa laini, ukaliosha kwa sabuni hadi mafuta yote yatoke, ukalilaza kwenye siki ya uvuguvugu au maji ya limau kwa nusu saa, ukilitoa na kulifuta mara kwa mara. Chuma cha kaboni kitakuwa cheusi, chenye nikeli kitabaki cheupe. Suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kausha, paka mafuta ya nazi. Usitumie maji ya betri. Yanakula ngozi na macho, na mistari yake haitakuwa mizuri zaidi.

Vifaa utavipata wapi? Springi iliyovunjika na beringi zilizokufa ziko kwenye gereji za Nachingwea mjini, Ruangwa na Masasi, na wauza chuma chakavu huuza kwa kilo. Sikutajii shilingi kwa sababu bei hiyo hupanda na kushuka, ila uliza gereji kwanza kabla ya kwenda kwa mwenye mizani. Huko mara nyingi ni rahisi zaidi. Tupa kuukuu waombe mafundi seremala. Ukitaka kujifunza ukiwa na mwalimu, SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Lindi, na chuo cha VETA kipo hukohuko; waulize kuhusu mafunzo ya uhunzi na ufundi wa vyuma na ada yake kabla ya kupanda gari. Na mhunzi mzee wa kijijini kwako usimpite. Mpelekee mkaa, umwamkie, umwombe akuonyeshe rangi ya moto jioni moja. Rangi hiyo haiandikiki ikaeleweka.

Usianze na panga ulilolihangaikia wiki nzima. Anza kesho jioni na vile vipande viwili vya urefu wa kidole, sumaku, na chumvi kidogo ya mezani.